Kikombe cha Kwanza

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kwa sasa siwezi kulitaja. Limepelekwa makao makuu kupigwa msasa na bado halijarudi. Wageni wakituuliza tunasema "hapa kwetu", nao wanaridhika. Mji wetu, hata hivyo, unaitwa Tulizana, na jina hilo tumeruhusiwa kulitumia siku za kazi na za sikukuu.

Mimi naitwa Pazi. Ni mtangazaji wa Bodi ya Afya ya Mji. Nina baiskeli, betri ya gari na kipaza sauti, na kazi yangu ni kuzunguka mitaani nikiwaeleza wananchi mambo ambayo Bodi imekwisha kuyaamua kwa faida yao. Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: mimi si mpinzani. Yote nitakayoyaeleza hapa ni sifa kwa Bodi, na msomaji akiona mahali si sifa, basi akapime macho.

Mwenyekiti wetu ni Mheshimiwa Sekondo, mtu wa shingo fupi na hotuba ndefu, ambaye kabla ya kuteuliwa alikuwa akiuza magodoro. Mtaalamu wetu ni Bwana Afya Chimbuli. Tunajua kuwa ni mtaalamu kwa sababu ana koti jeupe. Wajumbe wengine wapo, lakini wao husema "naunga mkono" tu, kwa hiyo sitawachosha kwa majina yao.

Na tuna bomba. Tena bomba hasa! Lilijengwa uwanjani mbele ya soko, nguzo ya saruji na koki ya shaba, na nyuma yake tangi kubwa juu ya mnara, likipokea maji ya chemchemi ya mlimani. Mafundi walipomaliza walifungua koki kidogo kujaribu. Maji yakaruka, maangavu, ya baridi, na mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu lake akapiga kigelegele. Mwenyekiti alimkemea vikali. Kigelegele kilikuwa kimepangiwa siku nyingine.

Msomaji wa mbali huenda hajui utaratibu wetu. Hapa kwetu kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Daraja ambalo mgeni rasmi hajalikatia utepe si daraja, ni mbao, na watu huvua viatu wakapita mtoni chini yake. Kanuni ya Saba ya Kanuni za Afya ya Jamii inasema hivi: "Mwananchi hatatumia huduma yoyote ya afya kabla haijazinduliwa, kwa kuwa huduma isiyozinduliwa haijulikani kama inafaa." Niliitangaza mwenyewe, mtaa kwa mtaa, na sauti yangu siku hiyo ilikuwa nzuri.

Basi bomba likafungwa utepe mwekundu, koki ikavishwa mfuko wa nailoni, nasi tukaendelea na kisima cha Machinjioni.

Kisima hicho kiko bondeni. Juu yake kuna machinjio, na juu ya machinjio kuna choo cha soko. Mvua ikinyesha, vyote vitatu vinatembeleana. Nisiseme Bodi ililala. Ilikwenda kukikagua, wajumbe wakiwa wameziba pua kwa leso, kisha ikakaa kikao cha dharura chenye soda na sambusa, ikaamua kisima kipakwe rangi ya bluu na kuandikwa MAJI NI UHAI. Kilipendeza sana. Watu walipiga picha pale.

*

Katika mambo ya kuzindua maji tuna desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Mgeni rasmi akishakata utepe, kikombe cha kwanza hanywi yeye. Anakunywa mtoto. Mtoto huyo huchaguliwa mapema na Bodi, hushonewa gauni jeupe, na jina lake hupelekwa Kanda pamoja na ratiba. Anaitwa Mtoto wa Kikombe cha Kwanza, na sharti lake ni moja tu: asiwe amewahi kuonja maji ya bomba hilo, ili kiu yake ionekane ya kweli kwenye picha.

Kuchagua mtoto si mchezo. Mwenyekiti alitaka mwenye meno yote ya mbele na mzazi asiye na maneno. Binti yangu wa mwisho, Chausiku, alifikiriwa, lakini wakati ule alikuwa na pengo la meno mawili, akaachwa. Nilinuna siku nzima. Akachaguliwa rafiki yake wa dawati moja, Mwatumu binti Omari.

Mama yake Mwatumu ni fundi cherehani. Anashonea kwenye baraza ya duka la misumari, mumewe yuko migodini, na ni mtu wa kujibu "haya" hata ukimpa maneno ya kuudhi. Ndiye aliyeshona utepe. Ndiye pia aliyepewa kitambaa cha gauni, na siku alipokuwa akilimalizia nilipita pale nikaona ameacha pindo kubwa, la kukunjwa mara mbili.

"Mama Mwatumu, pindo lote hilo la nini?" nikamtania. "Unamshonea bi harusi?"

"Baba Chausiku, wakubwa wanachelewa," akasema, huku akikata uzi kwa meno. "Na watoto wanakua. Akirefuka, nitafumua."

Mwatumu mwenyewe alikuwa anajifunza kunywa. Alikaa kwenye ngazi na kikombe kitupu cha bati, anakiinua, anafumba macho, anameza hewa, kisha anasema "Asante, Mheshimiwa!" mpaka wapita njia wanacheka. Chausiku alikuwa anacheza mgeni rasmi, tumbo mbele. Nawakumbuka vizuri.

*

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Mlezi wa Kanda. Mara ya kwanza hakuja kwa sababu alikuwa anazindua kivuli mji wa jirani. Mara ya pili alifika nusu ya njia, akaambiwa vitenge vya sherehe vina sura yake ya kabla hajanenepa, akaudhika, gari likageuza. Vitenge vikachomwa moto, tukaagiza vingine vyenye mashavu.

Mara ya tatu kukaingia jambo la matumbo.

Watu walianza kuharisha. Naomba radhi, neno hilo haliruhusiwi. Walianza kupata Hali ya Tumbo Isiyo Rasmi. Ugonjwa nao hapa kwetu lazima utangazwe na mkubwa, na huu ulikuwa haujatangazwa, kwa hiyo ulikuwa unaua watu kinyume cha utaratibu. Muuza mitumba mmoja alianza asubuhi, jioni tukamzika. Kisha mke wake. Kisha mtaa wa nyuma ya machinjio ukawa na misiba nyumba kwa nyumba, hata ukitaka kutoa pole hujui uanzie wapi.

Bodi ilichukua hatua siku hiyohiyo. Nilipanda baiskeli.

"Tangazo! Tangazo! Bodi ya Afya inawakumbusha wananchi wote kwamba kuugua hadharani ni uchafuzi wa mazingira! Mwenye tumbo augulie ndani, mlango ukiwa umefungwa! Atakayeonekana akijikunja barabarani atachukuliwa hatua!"

Wakati huo simu ilikuwa imepigwa kutoka ofisi ya Mlezi. Mwenyekiti aliipokea akiwa amesimama.

"Tumesikia huko kwenu kuna matumbo," sauti ikasema. "Mheshimiwa hawezi kuja penye matumbo."

"Uongo huo, mkubwa!" akajibu Mwenyekiti. "Hapa hakuna tumbo hata moja. Wananchi wangu hawana matumbo kabisa."

Akaambiwa sawa, watakuja wakaguzi wa msafara kuthibitisha. Wakikuta mgonjwa mmoja katika zahanati, safari imekufa.

Mwenyekiti aliitisha kikao, akachukua chaki akachora duara ubaoni. Mlezi asipokuja, bomba halizinduliwi. Bomba lisipozinduliwa, watu wanakunywa kisima. Wakinywa kisima, wanaugua. Wakiugua, Mlezi haji. Alilitazama lile duara akiwa ameinamisha kichwa upande, akasema limetoka vizuri. Halafu akasema ni lazima likatwe mahali, na mahali rahisi ni kwa wagonjwa.

"Waponywe?" akauliza mjumbe mmoja, ambaye baadaye hakuteuliwa tena.

"Wasionekane," akasema Mwenyekiti.

"Naunga mkono," wakasema wengine.

Zahanati ikafungwa ili ibaki na afya njema. Ilipigwa deki, ikapakwa chokaa, vitanda vikatandikwa mashuka mapya yenye alama za kukunjwa, na chupa za dripu zikapangwa dirishani kwa mstari ulionyooka, lebo zikitazama barabarani. Bwana Afya Chimbuli alikwenda akasimama ng'ambo ya barabara, akafumba jicho moja kuukagua mstari, akarudi akaisogeza chupa moja kidogo. Nesi alipewa likizo. Kufuli likatiwa mlangoni wagonjwa wasije wakachafua.

Mtu mmoja aliuliza kama tunaruhusiwa kuchemsha maji ya kisima. Swali zuri, Bodi ikasema. Ila moshi ulikuwa unachafua chokaa mpya, na Mlezi ana kifua chepesi. Tukaruhusiwa kuwasha moto mara moja kwa siku, wa ugali.

*

Mama Mwatumu alikuwa anachemsha. Moto wake mmoja wa siku aliugawa, maji kwanza, ugali baadaye, na mara nyingine ugali ukatoka mbichi. Lakini mtoto anakwenda shule, na shuleni kuna pipa, na pipa linajazwa kisimani. Siku ya jua kali mtoto hakumbuki alichoambiwa na mama yake. Mwatumu alirudi nyumbani amejishika tumbo, na kufika adhuhuri ya kesho yake macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama.

Nilikuwepo ofisini mama yake alipoingia. Nilikuwa nachaji betri.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema. "Sijaja kugomba. Naomba ndoo moja ya maji ya bomba. Moja tu. Mtoto anaisha."

Mwenyekiti alimkaribisha kiti kwa upole, maana yeye si mtu mbaya.

"Mama Mwatumu, mtoto yupi?"

"Ninaye mmoja, Mheshimiwa. Huyohuyo wenu."

Hapo Mwenyekiti alishtuka kweli, akamgeukia Bwana Afya. "Chimbuli, huyu ndiye wa kikombe!"

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Sasa akinywa leo, siku ile atakuwa anakunywa kikombe cha ngapi?"

Bwana Afya alifikiri. "Cha pili, Mheshimiwa. Au cha tatu, akiwa na kiu sana."

"Umesikia, mama?" Mwenyekiti akasema kwa huzuni. "Mtoto mwingine yeyote wa mji huu, labda, ningefumba macho. Ningesema sikuona. Lakini huyu! Jina lake liko Kanda. Unataka tumdanganye Mlezi?"

"Basi nifungulieni zahanati. Mumwekee dripu."

"Wakaguzi wanakuja wakati wowote, mama. Ukimlaza pale umetuulia shughuli. Na shughuli ikifa bomba halifunguki, na bomba lisipofunguka watoto wangapi watapata taabu? Fikiria na watoto wa wenzako."

Mama Mwatumu alinitazama. Sijui kwa nini alinitazama mimi, nami nikaanza kuikagua betri. Halafu akasema "haya", akatoka.

*

Tulidhani amekwenda nyumbani. Kumbe alipitia barazani kwake akachukua mkasi.

Nilimwona anakatiza sokoni, kichwani ana ndoo, mkononi ule mkasi mkubwa wa kukatia suti, anatembea si haraka si polepole. Watu walimpisha. Mimi nikapanda baiskeli nikamfuata, na kwa kuwa ni kazi yangu kutangaza, nikawasha kipaza sauti, lakini sikupata la kusema. Kilikuwa kinakoroma tu mgongoni kwake.

Alipofika bombani hakuhutubia. Alikata utepe, upande huu na upande ule, akauacha uanguke. Akachana nailoni. Akazungusha koki.

Jamani, maji yale! Nimezaliwa Tulizana na sijawahi kuona maji mengi hivyo yakitoka yakiwa na rangi ya maji. Ndoo ililia, ikajaa. Wanawake wa sokoni wakaanza kusogea, kwanza mmoja ana sufuria, kisha wawili wana madumu, kisha sikuweza tena kuwatambua kwa wingi wao. Hakuna aliyepiga kelele. Nakiri kwamba kwa dakika chache moyo wangu ulikwenda upande wao, na Bodi ikisoma hapa ijue ni moyo, haukuomba ruhusa.

Bwana Afya Chimbuli alikuja mbio, koti likipepea, na mgambo nyuma yake. Koki ikafungwa. Akaitazama ile ndoo, akatumbukiza kidole, akakinusa.

"Maji haya hayajazinduliwa," akatangaza. "Kiafya, hayajulikani."

Akaimwaga. Aliimwaga taratibu, kitaalamu, na ardhi yetu ilivyokuwa kavu ilikunywa yote mpaka pakabaki alama tu. Mama Mwatumu aliitazama ile alama. Wanawake walirudi nyuma na vyombo vyao. Mimi nilizima kipaza sauti.

Kikao cha dharura kilikaa hapohapo uwanjani. Kosa lilikuwa kubwa: kukata utepe bila cheo. Lakini Bodi yetu ina huruma, na isitoshe hapakuwa na fundi mwingine. Mwenyekiti akamwambia:

"Ushone utepe mwingine, sasa hivi, wakaguzi wasikute uchi huu. Ukiuleta, mtoto ataingizwa zahanati. Kwa mlango wa nyuma, na asilalie mashuka."

"Na dripu?"

"Lete utepe, mama."

Akashona. Nilipita barazani nikamwona, amemlaza Mwatumu kwenye khanga chini ya cherehani, mguu unakanyaga, mkono mmoja unaongoza kitambaa, mwingine unashuka kumpapasa mtoto paji la uso kisha unarudi. Mwatumu alikuwa anasogeza midomo. Nilidhani anaomba maji. Nilipoinama nikasikia anasema, "Asante, Mheshimiwa." Mtoto alikuwa anafanya mazoezi.

Utepe ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Bodi ilitimiza ahadi, hilo lazima lisemwe. Mlango wa nyuma ulifunguliwa, Mwatumu akalazwa sakafuni kwenye khanga ya mama yake, chini kidogo tu ya dirisha. Nilimsaidia kumbeba. Alikuwa mwepesi.

"Bwana Afya," mama yake akasema, "dripu hizo hapo juu."

Bwana Afya aliinua macho akautazama mstari. Alikuwa anateseka, nilimwona. Alinyoosha mkono mpaka ukaigusa chupa ya mwisho, akaurudisha. Akajaribu ya katikati, akaurudisha.

"Nikitoa moja, litaonekana pengo," akasema.

"Toa," akasema Mama Mwatumu.

"Wakiuliza pengo la nini?"

"Toa, kaka yangu. Nakuomba. Toa!"

Alikwenda kumuuliza Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anapokea wakaguzi barabara kuu na matarumbeta. Bwana Afya alisubiri wimbo umalizike, maana ulikuwa wimbo wa taifa, na hapa kwetu una beti nyingi. Aliporudi na ruhusa ya chupa moja, ya pembeni, Mwatumu alikuwa amekwisha kufa, na mama yake alikuwa anamfunga kidevu kwa kipande kilichobaki cha utepe mwekundu.

Tulimtoa kwa mlango uleule wa nyuma, na wakaguzi walikuta zahanati tupu. Waliusifu mstari wa dripu.

*

Msiba wenyewe haukuwa rasmi. Bodi iliomba pasiwe na kilio mpaka msafara uondoke mjini, nasi tukazika kimya, makaburini nyuma ya machinjio, wanawake wamejifunga vitambaa midomoni. Kaburi tulilimwagia maji ya kisima. Hapakuwa na mengine.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti kumwambia ratiba ibadilishwe, kwani jina la mtoto bado lilikuwemo na mimi ndiye wa kuliita.

"Haliwezi kutoka, Pazi," akasema. "Ratiba imesainiwa Kanda. Tukilitoa watataka sababu. Sababu ni nini?"

Nikanyamaza, kwa kuwa sababu ilikuwa haijazinduliwa.

"Wewe liite tu. Kuita kuna ubaya gani?"

Na Mlezi akaja. Alikuja kweli, na magari mengi kiasi kwamba la mwisho lilikuwa bado kwao wakati la kwanza limefika kwetu. Chokaa iling'aa, vitenge vilikuwa na mashavu ya kutosha. Alikaa chini ya turubai akinywa maji ya chupa aliyokuja nayo. Mwenyekiti alihutubia mpaka kivuli cha turubai kikahama. Alisema Tulizana ni mji ambao magonjwa yameukimbia kwa aibu. Alisema ukitaka kuona tumbo zima, njoo Tulizana. Waliokuwa na matumbo walipiga makofi wakiwa wamebana miguu.

Mlezi akaukata utepe, akaifungua koki, na maji yakatoka yaleyale, maangavu, ya baridi. Vigelegele vilipigwa kwa mujibu wa ratiba. Kikombe kikajazwa, kikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Ikawa zamu yangu.

"Mtoto Mwatumu binti Omari," nikaita, "aje apokee kikombe cha kwanza."

Mlezi alitabasamu akitazama huku na huku. Protokali inataka mara tatu.

"Mwatumu binti Omari."

Nilimwona Mwenyekiti ananipa ishara ya mkono, maliza, maliza. Mbele yangu kulikuwa na kikombe kimejaa.

"Mwatumu," nikasema mara ya tatu, na bila kukusudia nikalitaja kama tulivyozoea kumwita akicheza uani kwangu, "Mwatumu, njoo mama."

Akasimama mama yake. Alikuja mpaka mezani, akakichukua kikombe kwa mikono miwili. Wapiga picha wakachutama.

"Huyo mliyemwita yuko nyuma ya machinjio," akamwambia Mlezi, wala hakupaza sauti. "Mimi nampelekea."

Akaondoka nacho. Alipita katikati ya watu, macho kwenye kikombe asimwage, akashika njia ya makaburini.

"Amesema nini?" Mlezi akauliza.

"Amesema asante, Mheshimiwa," akajibu Mwenyekiti.

Bwana Afya alimkimbilia, si kwa ubaya, kikombe kilikuwa mali ya Bodi. Akamkuta amekwisha kumimina. Kwenye taarifa ya siku, mbele ya jina la Mwatumu, aliandika: hakuhudhuria, bila taarifa.

*

Hapo ningependa kusema kwamba angalau tulipata maji. Lakini Mlezi alipopewa nafasi ya kufunga sherehe alikuwa amelitazama bomba kwa muda, akaguswa.

"Bomba hili," akasema, "limenizidi. Nikisema nimelizindua mimi, nitakuwa nimejikweza. Bomba kama hili linamstahili Mkubwa Mwenyewe! Kwa hiyo leo tuhesabu tumefanya majaribio."

Makofi yalivuma mpaka kunguru wakaruka kwenye mnara. Mwenyekiti alilia kwa furaha. Koki ikafungwa, na Bwana Afya akauchukua utepe uliokatwa akaufunga tena kwa fundo, zuri, halionekani ukisimama mbali. Mkubwa Mwenyewe tumeandikiwa kwamba ana shughuli nyingi. Tunasubiri. Kisima kimepakwa rangi upya.

Siku chache baadaye Mwenyekiti aliniita ofisini, akanipa mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Pazi, meno ya binti yako yameota?"

"Yameota, Mheshimiwa," nikajibu. Nilikuwa nimezoea kumjibu haraka.

"Basi hongera. Safari hii ni mbele ya Mkubwa Mwenyewe. Kapitie gauni kwa yule fundi, kitambaa ni cha Bodi. Na asionje maji ya bomba, eh? Wewe ni mtu wetu, sina haja ya kukufundisha."

Mama Mwatumu alikuwa barazani, anashona sare za shule. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinyanyuka, akalitoa gauni kwenye mfuko, akalikung'uta, akanikabidhi.

"Pindo bado lipo," akasema. "Halijafumuliwa."

Nimefika nalo nyumbani. Mke wangu ameliona, ameingia jikoni na hatoki. Chausiku amelivaa palepale ukumbini juu ya nguo zake, amezunguka, amecheka na meno yake mapya. Limemkaa sawasawa. Kisha amechoka kuzunguka, amekaa chini anahema, kumekuwa na jua kali leo, na ameniomba maji ya kunywa.